Mwalimu Nathanaeli Atafuta Kazi Nyingine

Nathanaeli alifundisha hesabu katika shule ya misheni huko Mhezi, milimani Upare. Ilikuwa mwaka 1953. Kila asubuhi alikunywa uji, akavaa koti, akapanda njia ya shule. Mkewe, Rogathe, alikwenda shambani.

Mwaka ule masikio ya Nathanaeli yalianza kuziba. Hakumwambia mtu. Mtoto akijibu, yeye alitazama midomo tu, kisha akasema, "Vizuri."

Jumamosi moja alikuja mzazi, jina lake Asheri.

"Mwalimu, binti yangu anasema saba mara nane ni hamsini na nne. Nikamwambia amekosea. Akanijibu, 'Mwalimu alisema vizuri.'"

Nathanaeli alitazama chini. Asheri alipoondoka, mwalimu alimwambia mkewe, "Mama Esta, sisikii."

"Najua," alisema Rogathe. "Tangu Pasaka."

Jumatatu walikwenda zahanati pamoja. Nesi Yudith alimpima, kisha akaketi mbele yake na kusema polepole.

"Sikio la kushoto halisikii kabisa. La kulia linasikia kidogo tu. Dawa haitayaponya."

"Basi nitaacha ualimu," alisema Nathanaeli. "Nitafungua duka kule Same. Walimu wakiacha kazi hufungua duka."

"Unapenda biashara?"

"Hapana."

"Na wateja wakisema wote kwa pamoja, utawasikia?"

Nathanaeli alitikisa kichwa.

"Usifuate walivyofanya wengine," alisema Yudith. Akampa karatasi. "Andika mambo unayoyajua, hata yale usiyolipwa. Kisha andika watu huja kukuuliza nini."

Nathanaeli akaandika: hesabu, mwandiko mzuri, bustani ya shule. Hapo akakwama.

"Andika kahawa," alisema Rogathe. "Kila Jumapili tukitoka kanisani wanaume wanakuzuia njiani. Wanataka uwaeleze jinsi ya kupogoa mibuni."

"Hiyo si kazi, ni mazungumzo."

"Kwa bwana shamba ni kazi," alisema Yudith. "Anatafuta mtu wa kutunza kitalu cha miche ya kahawa. Nenda kamwone. Mwambie ukweli juu ya masikio yako. Lakini usiache shule kesho. Likizo iko karibu. Ijaribu kazi kwanza."

Bwana shamba aliitwa Eliamini. Nathanaeli alimweleza yote bila kuficha. Eliamini akasema, "Miche haisemi. Njoo."

Wiki ya kwanza haikuwa nzuri. Nathanaeli alimwagilia asubuhi na jioni, na mashina ya miche mingi yakaoza. Aliona haya. Eliamini alichukua mkono wake, akauingiza kwenye udongo.

"Udongo ukiwa na unyevu, acha. Ukikauka, mwagilia."

Nathanaeli aliandika maneno hayo. Wiki ya tatu miche iliyobaki ilisimama. Siku moja saa sita mchana aligundua kwamba tangu asubuhi hakuwa ametazama midomo ya mtu yeyote kwa hofu. Jioni ile alimwambia Rogathe, "Kazi hii naiweza."

Likizo ilipokwisha alimwona mwalimu mkuu, akamweleza sababu ya kuondoka. Alikaa shuleni mpaka mwalimu mwingine alipopatikana, na watoto wakaandika majibu yao kwenye vibao. Siku ya mwisho alifuta ubao mwenyewe. Ilimuuma. Kesho yake alikwenda kitaluni.

Mvua za masika za mwaka 1955 zilipoanza, wakulima walikuja kitaluni kuchukua miche tangu alfajiri. Wengine walitembea kutoka Chome. Nathanaeli aliwaonyesha kina cha shimo, namna ya kushika mche bila kuvunja mizizi, na mahali pa kuweka kivuli. Walioelewa vibaya aliwarudisha wakachimba tena. Mchana miche yote ilikuwa imekwisha, imefungwa kwa magome ya migomba, imebebwa vichwani.

Nyumbani Rogathe alimwekea chakula, akaketi mahali ambapo Nathanaeli angeiona midomo yake.

"Leo umefundisha sana," alisema.

"Nilisema kwa sauti kubwa mno?"

"Hata waliokuwa kanisani walijifunza kupanda kahawa."

Nathanaeli akacheka, akanawa mikono, akaanza kula.