Mshale wa Redio ya Gratien

Pudentienne alipika ugali wa mtu mmoja, na bado ukabaki. Mume wake, Gratien, aliuawa kwenye barabara ya Kamanyola mwaka wa pili wa vita. Hawakujaliwa watoto. Kijiji cha Kiringye nacho kilikuwa kimepungua watu, kwa sababu wengi walivuka mto Ruzizi wakakimbilia Burundi. Pudentienne alikuwa mpweke, na hakuna dawa ya upweke inayouzwa sokoni.

Gratien alikuwa dereva wa teksi. Aliacha kifaa kidogo, ukubwa wa kidole gumba, ambacho madereva wanakiita transmeta. Kinasoma nyimbo zilizo kwenye flashi na kuzirusha hewani kwa FM, na redio iliyo karibu inazipokea.

Kwenye flashi kulikuwa na nyimbo za kwaya ambazo Gratien aliziimba na kujirekodi mwenyewe jikoni. Katikati ya wimbo wa tatu anakatisha na kuuliza, "Pude, chumvi iko wapi?" Kisha anaendelea kuimba. Kwa ajili ya swali hilo la chumvi, Pudentienne aliiunganisha transmeta na betri ya sola.

Mshale wa redio ya nyumbani ulikuwa umesimama kwenye namba ya redio ya bonde, kituo kinachosikilizwa na kijiji kizima, pale Gratien alipouacha. Pudentienne hakutaka kuugusa. Vidole vya mwisho kuugeuza vilikuwa vya mume wake. Basi aliiweka transmeta kwenye namba ileile. Halafu akaunga waya mrefu na kuupandisha juu ya bati, ili amsikie Gratien hata shambani, kwenye kiredio cha mfukoni. Kila saa sita mchana, Pudentienne alipokaa kula, Gratien aliimba.

Baada ya wiki moja, jirani yake Libérate, aliyemwita Yaya kama dada mkubwa, aliingia uani bila kubisha hodi.

"Yaya Pude, juu ya nini bwana yako iko naimba mu radio yangu?"

"Mu radio yako?"

"Kila saa sita. Siku ya kwanza nilikimbia inje. Nilisema mufu amerudia." Libérate akaketi chini, akaanza kulia. "Saa sita ndio wanasomaka majina ya batoto benye wameonekana kule Burundi. Minye niko nangoja jina ya Délice. Juma muzima sisikie jina hata moja. Niko nasikia chumvi tu."

Délice ni binti yake wa miaka tisa. Walipotezana siku watu walipovuka mto. Pudentienne alishikwa na aibu. Alidhani upweke wake unamhusu yeye peke yake.

Wakamwita Papa Sévère, fundi wa redio. Aliangalia juu ya bati, akacheka kidogo.

"Mama, hii waya ni ya kuanika manguo?"

"Nilitaka asikike mpaka mu shamba."

"Sikia, mama. Radio ya bonde iko inasema toka mbali. Weye uko unasema hapa pembeni, ku namba moja na yeye. Radio ya jirani inafuata mwenye iko karibu. Transmeta ni ya mu nyumba ao mu gari, hatua kidogo tu. Ukiunga waya, umefungua kituo, na kituo inaomba ruhusa ya Serikali."

"Sasa nifanye nini?"

"Tutoe waya. Kisha tembeza mshale polepole mpaka fasi yenye haina muntu, iko shhh tupu. Namba ile uiweke ku transmeta pia. Halafu uende na kiredio mpaka ku barabara. Kama Gratien anasikika kule, bado haijakuwa muzuri."

"Ni vile hata mu gari?"

"Hata mu gari. Namba iko tupu hapa, lakini ukifika Kamanyola unakuta kituo ya Rwanda imekaa pale. Unabadilisha tena."

Sévère alishusha waya kutoka juu ya bati, kisha akanyoosha mkono kuelekea redio. Pudentienne akamzuia.

"Hapana, papa. Nitaugeuza minye mwenyewe."

Ilimchukua muda mrefu. Aliugeuza mshale huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemharakisha. Mwishowe Gratien aliimba tena, ndani ya chumba kile kimoja. Barabarani, kiredio kilitoa shhh tupu kwenye namba mpya, na kwenye ile ya zamani kilishika redio ya bonde bila kelele yoyote.

Siku ya nne, saa sita, redio ilisoma jina la Délice. Alikuwa hai, kwa masista, ng'ambo ya mto.

"Wamesema Délice wa Kiringye?" Libérate aliuliza, hakuamini masikio yake.

"Wamesema wa Kiringye," Pudentienne alimjibu. "Enda."

Alikwenda siku ileile. Baada ya siku mbili alirudi na mtoto.

Siku hizi Pudentienne haiwashi transmeta saa sita. Anakwenda kukaa na Libérate kusikiliza majina, na kuyaandika kwenye daftari.

"Yaya, weye unangojaka nani?" Libérate alimuuliza.

"Hakuna muntu. Lakini kuko benye hawana radio."

Majina yakiisha, anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Nyumba nyingi zimefungwa. Anabisha hodi hivyo hivyo.