Tangazo Chini ya Zaburi

Watu wa Mbooni, na ninyi mliohamia kule chini barabarani, nisikilizeni. Mimi Musembi sikusoma sana na sitapamba maneno. Nawaambia yaliyomfika jirani yangu Kalunde, na yeye mwenyewe ameniruhusu niyaseme.

Mashamba yetu yanapakana kwenye tuta. Kila asubuhi, chai ikichemka, Kalunde alifungua simu akasoma Zaburi ya siku kwenye tovuti moja ya Biblia. Alisoma kwa sauti, na mumewe Kyule akaitikia amina huku anakamua ng'ombe. Mimi nikiwa juu ya mparachichi nilisikia kila neno, na mara nyingine niliitikia pia. Ilikuwa nyumba ya amani. Simu ilikuwa moja, ya wote wawili, na tangu itoke kwenye boksi hawakuwa wamegusa setingi zake hata mara moja.

Kisha Kalunde akashika uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya maharagwe. Hospitali wakampima, wakamwambia ni saratani, wakampa siku ya kupasuliwa. Daktari alimwambia, "Mama, umewahi. Tutatoa huo uvimbe tu. Usichelewe."

Alirudi akiogopa kisu kuliko ugonjwa. Akaketi na simu, akasoma kurasa nyingi za uvimbe wa titi na za watu waliopasuliwa. Halafu akafanya jambo tunalofanya sisi watu wa kanisa tukikwama. Aliweka ngozi, kama Gideoni aliyelaza ngozi nje aone kama umande utailowesha. Alifunga kula, akaomba ishara. "Bwana, kama hutaki nikatwe, nionyeshe njia nyingine."

Asubuhi akafungua Zaburi. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu, na maneno haya: Uvimbe wa titi? Usikubali kukatwa. Iko njia nyingine.

Siku hiyo sauti ya Kalunde ilikatika. Niliteremka kwenye mti, nikamkuta Kyule ameishika simu kama mtu aliyeshika nyoka mkiani.

"Musembi, kuja uone," akaniambia. "Hata mama yangu hatujamwambia huu ugonjwa. Huyu amejua aje?"

"Ni jibu," Kalunde akasema. "Niliomba kwa maneno hayo hayo."

"Ama ni uchawi. Kuna mtu anatuchungulia."

Kyule akafungua matokeo ya mpira, na yule mwanamke alikuwa pale, anatabasamu. Akafungua habari za mvua, yuko. Kalunde akatafuta maneno ya wimbo wa kwaya, yuko. Basi Kyule akawa anaifunika simu kwa sufuria wakiwa wanakula, ili isiwaone. Mke alimwogopa Mungu, mume alimwogopa mchawi. Hakuna aliyemwogopa mfanyabiashara. Hata mimi niliyesimama pale nywele zilinisimama, nikarudi kwangu bila kuaga.

Siku ya hospitali ilipofika niliwasikia, Kyule akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Mama Nduku, vaa twende."

"Niende nimwambie Mungu alinidanganya?"

"Na uvimbe?"

"Nimeonyeshwa njia, Baba Nduku. Usinifanye nimkosee aliyenionyesha."

Kyule hakumvuta. Niambieni, unamvutaje mtu anayeogopa kumkosea Mungu?

Waliagiza kile kilichotangazwa. Ulikuwa unga wa kijani, mchungu, uliotumwa kwenye duka moja mjini Sultan Hamud. Kalunde akaunywa. Mwanzoni alisema anasikia nafuu. Baadaye akawa analala upande mmoja tu. Baadaye tena, kwapani kukatokea uvimbe mwingine. Ninyi wakulima mnajua tunda linavyojaa likiachwa mtini. Hivyo ndivyo kitu kile kilivyojaa. Zaburi aliendelea kusoma, lakini kwa sauti ya chini, na akikaribia mstari wa mwisho alikuwa ananyamaza.

Unga ulipoisha nikawasindikiza kuchukua mwingine. Duka lile ni la Mwanahamisi, mama ambaye watu wake walitoka pwani. Anauza simu na kupokea mizigo ya watu. Alimwona Kalunde anashindwa kuinua mkono kupokea kifurushi, akakirudisha juu ya meza.

"Dada, hii dawa umeandikiwa na nani?"

"Na Mungu," Kalunde akasema, akamweleza yote.

Mwanahamisi hakucheka. "Kabla hujamwomba Mungu, uliiuliza simu?"

"Niliiuliza."

"Mimi nilitafuta makochi ya harusi ya binti yangu. Makochi yakanifuata mpaka kwenye ukurasa wa saa za swala. Ningekuwa sijui, ningesema malaika siku hizi wanauza fanicha."

Akatoa simu mpya kwenye boksi, akaiwasha. "Haya, tafuta kitu usichokitaka kabisa."

Kalunde akafikiri. "Mbuzi wa maziwa."

Wakafungua kurasa za mbuzi, wakasoma bei na aina. "Sasa fungua Zaburi yako," Mwanahamisi akasema.

Kalunde akashuka na kidole polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayeshuka kisimani. Chini ya mstari wa mwisho alisimama mbuzi mweupe: Lisha mbuzi wako wa maziwa chakula bora.

Kalunde akaketi juu ya kreti ya soda.

"Sikumwomba Mungu mbuzi," akasema.

Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Nduku, nimefanya nini?"

Kifurushi tulikiacha pale mezani. Hospitali walimkuta daktari yule yule. Alimpima, akavua miwani, akawaambia ukweli. Ule uvimbe mdogo haukuwa mdogo tena. Titi lote lilitolewa, na nyama ya kwapani pia. Kalunde yu hai na bado anatibiwa. Kila siku ya vipimo ikikaribia Kyule hawezi kukamua kwa hofu, basi ng'ombe namkamulia mimi. Zaburi sasa inasomwa kwenye Biblia ya karatasi.

FUNZO

Brauza ni ile programu ya simu ya kufungulia mtandao. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewazuia wenye matangazo kukufuata. Nyingine hutoka zimewafungulia mlango, nao wanakufuata kutoka tovuti hii hadi ile, wakijua ulichotafuta. Mwenye tovuti ya Zaburi hakumchagua yule mwanamke wa tabasamu. Aliacha nafasi tu, na simu ya Kalunde ikasema ni nini kiwekwe. Fungua setingi, uangalie mlango wako. Usipojua, muulize anayejua, hata kama anaswali tofauti na wewe. Na ukiwa mgonjwa, siku uliyopewa na daktari isikupite.

Kuomba ishara sikatazi, mimi pia naomba. Lakini ukiweka ngozi yako, usiilaze mahali ambapo mfanyabiashara amesimama na ndoo ya maji.