Mtakatifu Aliyebaki Nyumbani

Mama alikuwa amepakua sahani mbili kabla binti yake hajabisha hodi, wakati binti hakuwa amemwambia mtu kwamba anakuja. Alipoulizwa, mama alicheka kwa haya, akasema ni mazoea tu. Mazoea gani, kwa mjane anayeishi peke yake? Tena sahani ya pili ilikuwa imeshaliwa nusu.

Binti alikuwa mwigizaji, na kusema kweli alionekana zaidi kwenye runinga kuliko mlangoni kwa mama yake. Mwaka ule alikuwa amecheza mtakatifu, yeye ambaye kanisani alikanyaga siku za harusi tu. Filamu ikawa gumzo. Watu walitundika picha yake ukutani wakaiwashia mishumaa, naye akavimba kichwa.

Kosa lilifanyika siku ya kurekodi onyesho la waumini wakimpigia magoti. Mwongozaji alishikilia kwamba uso wa mwenye shida hauigizwi, kwa hiyo akaita waumini wa kweli, mama naye akiwamo, akawaambia kila mmoja aombe haja yake ya kweli huku akimtazama mtakatifu machoni. Wakaomba. Walilia mpaka mpambaji akaweka poda chini akalia nao. Binti alisimama jukwaani na vazi lake jeupe, njaa inamuuma, akanyoosha mikono kupokea sala ambazo hakuwa na pa kuzipeleka. Akazipokea mwingine.

Haja ya mama ilikuwa moja tu: binti yake akae naye nyumbani, asimwondokee tena.

Mchana ule wa sahani mbili, binti akiosha vyombo, alimsikia mama akizungumza chumbani kwa sauti ya chini, kisha jibu likaja. Sauti iliyojibu ilikuwa ya binti mwenyewe. Alisogea akinusa nta ya mishumaa, na chini ya nta harufu ya nywele zilizoungua, akachungulia mlango ulioachwa wazi kidogo, akamwona mama amekaa sakafuni, kichwa amekilaza mapajani mwa mwanamke wa vazi jeupe, mwanamke mwenye shingo ya binti, vidole vyake, hata lile kovu la utotoni kidevuni, akimsuka mama mvi taratibu huku akimkazia macho yeye aliyesimama pale mlangoni, macho yasiyopepesa hata mara moja.

Binti alikwenda kumwita padri, mzee asiye na makuu. Padri alinyunyiza maji ya baraka, akasali mpaka shati likamganda mgongoni. Kitu kile kilimsikiliza kwa adabu, kikaitikia amina. Padri akatoka, akamvuta binti kando.

"Jini lililojiingilia nalifukuza," alinong'ona. "Hili limeombwa, na kila siku linashukuriwa. Aliyeliomba ndiye aseme liondoke."

Binti akarudi naye ndani, akampigia mama yake magoti, safari hii bila mwongozaji. Aliapa kuacha filamu na kurudi nyumbani. Alisema yote aliyokuwa akiyaahirisha kwa simu miaka nenda miaka rudi. Mama alilia. Alijua vizuri kabisa nani ni nani, na hilo ndilo lililomkata binti maini.

"Mwanangu," mama alisema polepole, "wewe ukiitwa kazini utakwenda. Najua, nawe unajua. Huyu hajaniaga hata siku moja."

"Mama, huyo si mtu."

"Ananisuka nywele."

Kitu kile kikamshika mama mkono. Pale pale uso wa mama ukaanza kupoa, ukawa wa mtu anayemtazama mgeni, anajaribu kukumbuka walionana wapi na anaona haya kuuliza. Binti akaita mama, mama. Akamtaja marehemu baba, akataja hata baba alivyokuwa akimbeba yeye mabegani. Mama alimgeukia padri kwa macho ya kuomba msaada, kisha akainuka, akamsindikiza binti mlangoni pamoja na padri kwa ukarimu anaompa kila mgeni, akamshukuru kwa kuja. Kutoka ndani sauti ya binti ikauliza ni nani huyo.

"Sijui, mwanangu," mama alijibu bila kugeuka. Akamtazama aliyesimama kizingitini, akamwonea huruma kwa jinsi alivyokuwa akilia.

"Haya, wasalimie kwenu," akasema, akafunga mlango.