Jike Halikutoka Jikoni

Jioni, kama kawaida, mama alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, na binti yake mkubwa, ambaye wote walimwita Kasuku kwa kupenda kuongea, alikuwa na kazi ya shule mezani. Mwalimu wa Kiswahili alitaka watafute asili ya neno "jike", kama katika paka jike. Kasuku hakugusa kamusi. Wenzake walikuwa nje wakiruka kamba.

"Rahisi hii," alimwambia mdogo wake. "Jike limetoka kwenye jiko. Paka wa kike hupenda joto, basi hulala jikoni. Anayelala kwingine ni dume."

"Kweli, dada?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Kesho yake mama alitoka kununua uzi. "Yule paka mgeni anayezurura hapa uani akiwa jike, mfukuze," alimwagiza mdogo. "Naona tumbo lake kubwa, huenda ana mimba, asije akazalia kwenye nguo za watu."

Paka alipita jikoni bila hata kugeuka, akajilaza ndani ya kapu la nguo. "Huyu dume," mtoto alijisemea, akamwacha.

Mama aliporudi alikuta vitoto vya paka juu ya gauni jeupe la mteja.

"Jamani! Nilisema nini mimi?"

"Hakulala jikoni, mama! Dada alisema jike hulala jikoni!"

Mama akashika kichwa. "Kasuku! Hayo umeyatoa wapi?"

Kasuku alitaka kusingizia shule. Akamwona mdogo wake akilia, akaghairi. "Nilibuni, mama."

"Ulibuni! Mteja anakuja kesho, wewe unabuni! Beba beseni!"

Alifua gauni mpaka vidole vikakunjamana. Asubuhi, darasani, alisimama akaeleza yote. Wenzake walicheka. Mwalimu alishusha pumzi, akaandika ubaoni: mke, kike, uke, jike.

"Kipi kinajirudia?"

"Ke!"

"Basi hicho ndicho kiini cha neno. Jiko halimo hata chembe! Mwaka mzima nawaambia fungueni kamusi, nyie mnafungua midomo." Kisha akamgeukia Kasuku, sauti ikapoa. "Umefanya vyema kusema ukweli. Ila siku nyingine sema 'sijui', uende ukatafute. Jibu la kubuni lina mtu atakayeliamini, na mara nyingi ni yule anayekupenda."

Kasuku aliinamisha kichwa. Jioni hiyo, kabla ya yote, alimwomba mdogo wake msamaha.