Maji Nyuma ya Mgeni

Sogeeni karibu, na aliye jirani na mlango aurudishie.

Siku hiyo lifti ya Karataş, ile ya mnara wa matofali inayopandisha watu juu ya jabali pale Izmir, ilipanda na mtu mmoja tu, Rasim, mwendeshaji wake. Ikaguna kama imebeba harusi. Rasim akageuka. Hakuna mtu. Sakafu ilikuwa imelowa, inanuka mwani.

Nyumbani, juu kule lifti inakoishia, alimsimulia mkewe Müzeyyen huku anacheka. Mke hakucheka. Rasim alipofunga mlango, kiti cha pembeni kililia kama kimekaliwa.

Tangu hapo lifti ikazidi uzito na Rasim akazidi kuwa mwepesi. Mkanda wake wa suruali ukatobolewa tundu jipya, halafu jingine. Kula anakula, dagaa wa kukaanga na mkate, sahani inabaki nyeupe, na mwili unakwisha. Majirani wakamtania Müzeyyen kwamba anampikia mumewe upepo. Lakini wao wenyewe, na magoti yao mabovu, walianza kupanda kwa ngazi.

Müzeyyen alikuwa na kinga moja, ya mama yake na bibi yake: mume akitoka asubuhi, humwaga bakuli la maji njiani nyuma yake. Nenda kama maji, rudi kama maji. Na Rasim alirudi, ila kila jioni alirudi pungufu.

Jioni moja amelala, mke yuko kando yake anamenya vitunguu, mara harufu ya mwani ikaingia, godoro likabonyea upande usio na mtu, likabonyea tena, polepole, kama mwanamke mnene anayejilaza asimwamshe mwenzake, na shuka likaanza kulowa.

"Mwambie asogee," Rasim alinong'ona, macho kafumba. "Ananibana."

"Nani, mume wangu?"

"Usimtaje. Akiitwa anakaa."

Kulipokucha Müzeyyen akamleta Bibi Fitnat, mtabibu wa mtaa wa chini, aliyepanda akilalamika kwamba ngazi hizi zimeshamzika mara mbili. Wakamfunika Rasim shuka. Fitnat akayeyusha madini ya risasi jikoni, akayamwaga ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa cha mgonjwa. Maji yakapiga yowe. Bakuli likawa zito, wakalishusha wawili, wakalifunika na kulifunga kitambaa.

"Namrudisha baharini," alisema Fitnat, "na kwa lifti simpitishi. Nikitoka asiagwe. Mtu asifungue mdomo, mwanangu."

Müzeyyen akamtwika bakuli, akamtazama akishika ngazi, akauma midomo. Nyuma yake kitanda kikalia chini ya uzito wa Rasim mwenyewe, na Rasim akaomba mkate kwa sauti yake ile nzito ya zamani. Machozi yakamtoka mke. Mdomo ulitii, mkono haukuwa umeambiwa kitu. Mkono uliozoea kusindikiza watu wema ukachukua bakuli la dirishani, ukamwaga maji. Yakateremka ngazi moja baada ya nyingine hadi visiginoni mwa Fitnat.

Bibi akasimama. Hakugeuka.

"Müzeyyen," alisema polepole, "umemwaga nini?"

Adhuhuri, lifti ikiwa imefungwa na ufunguo umo mfukoni mwa Rasim, nyaya zilianza kuvuta. Rasim akaacha kutafuna, akatega sikio, kama afanyavyo mtu anayeijua kazi yake.

"Inapanda," alisema. "Na safari hii imejaa."