Nilifuta Sauti ya Papa, Nikasingizia Umeme

Nina miaka thelathini na nne, ninaishi hapa Kisangani karibu na maporomoko, na kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu. Ndugu wasomaji, mtakapomaliza kunisoma mtanitukana. Tukaneni tu! Nimestahili.

Papa yetu, baba mzazi, alikuwa mvuvi wa kabila la Wagenia. Kwetu, mahali pa kutegea mitego kwenye maji makali ni urithi, kila familia ina pake. Kifua kilipomzidia papa, dada yangu mkubwa, yaya Béa, alikaa naye michana sita akirekodi maneno yake: miti ipi ya mitego ilisimikwa na nani, mtego upi ni wa babu... Mwezi uliofuata papa akatuacha. Sauti zile zikabaki kwenye kompyuta ya yaya, na hakuna pengine popote.

Haukupita muda, tonton Alphonse, mdogo wake papa, akadai kwamba mahali pote ni pake. Familia ikapanga kikao Jumamosi. Yaya akasema hana haja ya kubishana na mtu, atamwacha papa aongee mwenyewe.

Na mimi na kiherehere changu! Nikaona kompyuta yake inajikokota, imejaa virusi. Nikamcheka. Nikamwambia nitaondoa mfumo wake wa zamani, niiwekee ule wa Linux, itakimbia. Akauliza kama sauti za papa zitabaki salama. Nikamjibu, "Yaya, hii njo kazi yangu!"

Bon, nikaweka. Sauti zilibaki, na kompyuta ilikimbia kweli. Ila ilikuwa bubu! Spika hazikutoa hata mkwaruzo.

Siku tatu, wasomaji! Nilinakili amri za mtandaoni bila kuzielewa, megabaiti zinaisha, umeme unakatika, unarudi, unakatika. Nikigusa mipangilio ya sauti, wifi inapotea. Nikirudisha wifi, skrini inakuwa nyeusi tii! Sikuweza kukaa wala kula. Mke wangu akaniambia nizihamishie sauti zile kwenye simu, watu wasikilize huko, yaishe. Nilimfokea. Fundi mzima nishindwe na spika?

Ijumaa mchana nikaamua kufuta yote na kuweka Linux ya aina nyingine. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika kila kilichomo kifutwe. Nikabonyeza ndiyo. Nilikuwa nimejiambia tangu siku ya kwanza kwamba nitanakili sauti kwenye flashi, na katika wazimu ule nikaamini nimeshafanya.

Mfumo mpya ukawaka. Spika zikalia vizuri ajabu! Nikachomeka flashi... picha za harusi ya mteja, basi.

Mnadhani nilisema ukweli? Nilimwambia yaya kwamba diski imekufa, kwamba umeme uliichoma kule kwake, maana ana zoea la kuacha kompyuta kwenye prise ya umeme siku nzima. Uongo mtupu! Akaniamini, kwani fundi ni mimi.

Kikaoni alisimama mbele ya wote. "Ni mimi niliacha mashine ku prise," akasema. "Sauti ya papa ni mimi niliiua. Munisamehe." Akalia kama mtoto. Tonton akachukua mahali pote. Mimi nilikuwa nyuma, natazama viatu vyangu.

Miezi saba nilinyamaza. Yaya alikonda. Kila akinikuta aliniomba msamaha, mimi! Nilikuwa namkwepa njiani, natembea mjini bila kujua ninakokwenda. Mwishowe nikashindwa, nikaenda kwake nikasema yote.

Hakupiga kelele. Laiti angenipiga! Aliuliza tu, "Mbele ya kufuta, ulisikilizaka hata moja?"

Nikasema hapana.

"Donc ulifuta mutu mwenye hata haukumusikia." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ndugu zangu, Jumapili hii nitasimama mbele ya familia ile ile, tonton akiwemo, niseme kwamba yaya Béa hana kosa. Mahali petu hatutarudishiwa, najua. Nanyi mnaoshika mashine za watu, nawaomba... nakilini kwanza, hata kama mnajiona mafundi! Na mkiharibu, semeni siku hiyo hiyo. Msimwache mtu mwingine asimame akilia mahali penu.