Sindano Aliyoiogopa Selpha

Selpha alikuwa akishona sare za shule mlangoni kwake Kiganjo, mjini Thika. Siku hiyo kazi haikusonga. Kila mara aliacha cherehani, akanywa maji, kisha akakimbilia choo cha pamoja cha wapangaji wa ploti. Kiu haikukatika.

Alikuwa na kisukari tangu usichana wake, na alizoea kujidunga sindano za insulini kila siku. Sasa alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Wifi yake Trizah, aliyeishi Ruiru, alimwambia kwa simu, "Ni hizo sindano zilimaliza mtoto. Wachana nazo." Selpha akaziacha kimyakimya. Hata mumewe Absalom hakujua.

Kufikia mchana alikuwa anatapika na kuhema kwa nguvu. Jirani yake, Mama Munyao, mhudumu wa afya mtaani, alimkuta ameegemea ukuta.

"Selpha! Umejidunga leo?"

"Niliacha. Naogopa itaua mtoto."

"Uui!" Mama Munyao akamgeukia Absalom, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kwa chakula cha mchana. "Tafuta gari! Tunaenda hospitali sasa hivi!"

Garini Absalom alimshika mkewe mkono. "Mbona hukuniambia?" Selpha akamlalia begani, akihema.

Hospitalini aliwekewa maji na insulini. Alipopata nafuu kidogo, muuguzi alipitisha kifaa tumboni kutafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Kimya. Akakisogeza. Kimya tena. Absalom aligeuza uso.

"Hapa," muuguzi akasema. "Sikia."

Tup-tup-tup. Selpha akalia.

"Insulini haimdhuru mtoto," muuguzi alimweleza. "Kinachomdhuru ni sukari ikipanda kwa damu yako. Moyo na uti wa mgongo wake hujengwa mapema sana. Sukari ikiwa juu wakati huo, anaweza kuumbika vibaya, au mimba itoke. Baadaye anaweza kuwa mkubwa kupita kiasi, au hata kufia tumboni."

"Kwa hivyo ile ya kwanza..."

"Hatuwezi kujua. Usijilaumu. Lakini usiache dawa tena bila kutuuliza."

Selpha alirudia sindano zake. Alipima sukari kila siku, akala alivyoshauriwa, na hakukosa kliniki. Absalom alienda naye. Picha ya skani ilionyesha moyo wa mtoto uko sawa.

Mimba ilipotimia, alijifungua msichana. Mtoto alilia vizuri, kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

"Ana nini?" Selpha akauliza kwa hofu.

Muuguzi alimtoboa mtoto kisigino, akapima tone la damu. "Sukari yake imeshuka. Hutokea kwa watoto wa akina mama wenye kisukari. Mnyonyeshe sasa."

Mtoto akanyonya. Wakangoja. Muuguzi akapima tena, akatabasamu. "Imepanda."

Mikono midogo ilikuwa imetulia.

"Sista," Absalom akauliza, "na siku tukitaka mwingine?"

"Mje kliniki kabla ya mimba. Tutaweka sukari sawa kwanza, na mama aanze vidonge vya foliki, vinavyosaidia uti wa mgongo wa mtoto kuumbika vizuri."

"Tutakuja," Selpha akasema, akamsogeza binti yake kifuani.